Mejumaa na Magari Elfu Nne

Hakuna gari duniani linaloweza kumtisha Mejumaa. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, Alhamisi moja baina ya adhuhuri na alasiri, akiwa ameketi juu ya jora la kitambaa katika duka la rafikiye Yumna, Biashara Street, saa ambayo joto huwafukuza wateja na wenye maduka hupata wasaa wa kunyoosha miguu.

"Nimeendesha magari elfu nne, shoga," alisema. "Elfu nne kamili. Niletee la petroli, la dizeli, la umeme, niletee hata lenye pembe na mkia. Gari la kunitia hofu mimi bado halijaundwa, na huko viwandani washakata tamaa."

Yumna, aliyekuwa akizipanga leso rafuni, alimwambia ashuke kwenye lile jora, kwani lina mwenyewe, na hakuna bibi harusi apendaye kushonewa nguo iliyokwisha kukaliwa na dereva.

Tumtendee haki Mejumaa: hayo magari elfu nne ni ya kweli. Msichana huyu wa Bondeni, mwenye miaka ishirini na minne na ulimi wa watu watatu, alikuwa kibarua wa bandarini mwaka wa tatu sasa. Meli ya magari ikifunga gati, yeye na wenzake huvaa vizibao vyao vya kung'aa, wakapanda ghorofa za ile meli, kila mmoja akaingia ndani ya gari, akaliteremsha hadi yadi. Huko kuna utaratibu ambao mtu huufuata hata kama ana homa: egesha, acha shubiri moja tu baina ya gari lako na la jirani, vuta breki ya mkono, kunja vioo vya pembeni, ufunguo uache pale pale, kisha kimbia ukapande gari la Joab, ambaye kazi yake ni kuwarudisha madereva melini wakachukue mengine. Hivyo mara arubaini, mara hamsini kwa zamu moja.

Ambalo Mejumaa hakuwa na desturi ya kulitaja ni kwamba safari yenyewe, kutoka melini hadi yadi, haimalizi hata peremende kinywani. Mwendo ni kilomita ishirini kwa saa, na kuna askari mwenye firimbi wa kuhakikisha. Isitoshe, magari yote yale yalikuwa ya otomatiki, ya kukanyaga na kwenda. Katika magari elfu nne, Mejumaa hakuwahi kubadilisha gia hata moja kwa mkono wake, wala hakuwahi kumpita yeyote njiani, isipokuwa njiwa mmoja, na njiwa mwenyewe alikuwa akitembea kwa miguu.

Maneno yangeishia pale dukani kama yanavyoishia siku zote, lau si mteja mmoja aliyekuwa amejiinamia kwenye kapu la vipande. Alikuwa Faiz, fundi wa magari wa Bondeni, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye kila mwezi huja kununua mabaki ya majora ya kufutia mafuta gerejini kwake. Mtaa mzima ulijua kwamba hiyo gereji ilikuwa kisingizio. Mapenzi yake yalikuwa kwa gari moja dogo jeupe la milango miwili, lililong'olewa viti vya nyuma, ambalo huliingiza katika mashindano ya pwani: yale ya uwanja wa vumbi, ambapo magari hutoka moja moja na kushindana na saa.

Faiz aliinua kichwa kutoka kapuni, akauliza kama hiyo elfu nne ni hesabu ya kweli au ya mdomo. Ya kweli, Mejumaa akaapa. Na gari la gia za mkono, je, aliliweza?

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angesema la, mazungumzo yakaisha, kila mtu akaenda zake na heshima yake.

"Gia za mkono ndizo nilizonyonyeshwa nazo, ami Faiz," alisema Mejumaa.

Basi ami Faiz akamweleza. Dereva wake amekwenda Qatar kuendesha basi. Mwenye duka moja la vipuri amekubali kugharamia gari msimu mzima, na dereva atakuwa akilipwa kwa kila shindano, si ahsante na soda kama zamani. Shindano la kwanza ni wiki sita zijazo. Jumapili asubuhi anajaribu watu katika yadi tupu kule Mbaraki, na mpaka sasa aliyejitokeza ni mmoja tu. Kama Mejumaa atapenda, na aje. Akafungiwa matambara yake, akaaga, akatoka.

Yumna alimgeukia rafikiye. Mejumaa alikuwa amenyamaza, jambo ambalo duka lile halikuwa limewahi kulishuhudia.

"Wazijua gia za mkono?" Yumna akauliza.

"Leo ni Alhamisi," Mejumaa akajibu. "Kuna Ijumaa, kuna na Jumamosi."

Mzaha kando, alilitaka jambo lile mpaka likamtia njaa. Fikiria mtu aliyeshika usukani mara elfu nne, na kati ya magari yote hayo hakuna hata moja aliloliona likifika liendako. Yeye huacha ufunguo, gari likaenda Nakuru, likaenda Kampala, likaenda Kigali, likapakia maharusi na wagonjwa na magunia ya viazi, na yeye akabaki na harufu ya plastiki mpya mikononi. Hakuwahi kukaa ndani ya gari hata likamzoea. Alitaka, walau mara moja, kujua gari huwa je baada ya pale ambapo yeye hushuka. Na kama kuna mtu yuko tayari kumlipa kwa kulijua hilo, basi na heri hiyo isimpite kwa sababu ya kijiti kimoja kilichosimama baina ya viti viwili.

Kijiti kama hicho kilikuwa ndani ya gari la Joab.

Joab alikuwa mtu wa Butere, mpole, mwenye watoto watano na sauti ya kwaya, na gari lake la kurudishia madereva lilikuwa kuukuu, la gia za mkono. Ijumaa, wakati wa mapumziko ya zamu, Mejumaa alimfuata pembeni mwa yadi akamwambia kwamba angependa kujikumbusha kidogo mambo ya klachi.

"Kukumbuka kitu ambacho hujawahi kukijua," alisema Joab, "hiyo ni kazi kubwa, dada yangu."

Lakini alimpisha kwenye usukani. Mejumaa aliketi, akafanya kile ambacho wenzake walimcheka nacho tangu siku ya kwanza, yaani kulisalimu gari. Magari yatokayo melini huja na maradhi ya safari: hili breki zimeshika kutu, lile usukani umelegea, na nyuma yako wako watu ishirini wanaongoja upite. Una sekunde kumi za kumjua mgeni wako. Kwa hiyo yeye hukanyaga breki mara mbili, akausukuma usukani kushoto na kulia, akanyamaza, akasikiliza. Alimwambia Joab kwamba gurudumu la nyuma la kulia linalia. Joab akasema fundi alimwambia vivyo hivyo juzi, tena akamlipisha kwa kumwambia.

Baada ya salamu, mambo yakaharibika. Mejumaa aliachia klachi, gari likaruka, likazima. Akaliwasha, likaruka, likazima. Madereva wawili waliokuwa wamelala kiti cha nyuma waliamka wakishikilia vichwa, wakateremka, wakaenda kulala kwingine. Mpaka Jumamosi jioni alikuwa amejua gia ya kwanza na ya pili, na ya tatu alikuwa ameiona kwa mbali. Joab alimwambia amweleze Faiz kweli. Mejumaa akamwambia ndiyo, atamweleza, akishamaliza kushinda.

*

Yadi ya Mbaraki zamani iliwekwa makontena. Sasa imebaki vumbi, paka, na ukuta mmoja mrefu wa ghala upande wa bandari. Faiz alikuwa amepanga mapipa kumi na mawili mekundu, na njia ilipinda baina yake, ikaenda hadi ukutani, ikarudi. Kwenye mstari wa chokaa alisimama Ndinda na kofia yake ya ukili na saa ya sekunde. Siku za wiki Ndinda hufanya kazi ofisi ya reli, lakini kwa miaka mingi alikaa kiti cha pembeni katika magari ya mashindano, akiwasomea madereva njia, na wengi wao aliwasomea mpaka ndani ya mtaro kwa sababu hawakumsikiliza.

Mshindani wa Mejumaa alikuwa Jeremy, kijana wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Alikuja na helmeti yake mwenyewe, glavu zake mwenyewe, na gari lake la bluu ambalo likiwashwa Mbaraki, watu wa Kizingo hufunga madirisha. Alimsalimu Mejumaa kwa adabu, akamuuliza kama amekuja kutazama. Mejumaa akamwambia ndiyo, amekuja kutazama atakavyoshindwa. Joab naye alikuwapo, amekuja na gari la kazi kwa kuwa zamu yake ilianza mchana, na alikuwa ameegesha kando, kimya, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Jeremy akatangulia. Huyo kijana alikuwa anajua, tusimpunje. Alilipeleka lile gari jeupe baina ya mapipa kama anashona, akaligeuza ukutani kwa kulitupa kitako, akarudi na vumbi lake. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Kwenye kona ya mwisho aligonga pipa moja kwa ubavu wa mbele, na kila pipa ni adhabu ya sekunde tano, kwa hiyo kumi na saba.

Zamu ya Mejumaa. Akavaa helmeti ya kuazima iliyomfanya asikie pumzi zake mwenyewe, akafungwa mikanda, akakitazama kijiti. Kijiti kikamtazama. Akalisalimu gari.

Breki ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili ilishuka kidogo zaidi ya ya kwanza.

Aliliwasha, akaachia klachi, likazima. Jeremy akakohoa. Akaliwasha tena, likaondoka kwa kurukaruka, akaenda urefu wa magari matatu hivi, akagusa breki. Gari likavuta kulia. Ni kidogo tu, kama mtoto anavyokuvuta kidole akiona duka la barafu. Mejumaa akalisimamisha.

Pale ndani ya helmeti aliiona hesabu yote. Akisema, watasema ameogopa, tena baada ya kuzima gari mbele ya watu. Kiti ni kimoja, na Jeremy ameshaketi juu ya tairi akitabasamu. Asiposema, pengine si kitu. Pengine gari hili huvuta tu, kuna magari yana tabia zake, na yeye ndiye ambaye hajawahi kwenda mwendo wa kujua. Njia ilikuwa mbele yake, na mwisho wa njia ulikuwa ukuta.

Akafungua mikanda, akashuka.

"Ami Faiz," alisema, "gari hili lanitisha."

Jeremy alicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu aliyeletewa zawadi. Akasema yeye ametoka humo sasa hivi na halina neno. Ndinda akaishusha saa. Faiz alimuuliza tu linavuta wapi, Mejumaa akamwambia kulia, na kikanyagio kinazama. Fundi akatandika moja ya yale matambara ya Biashara Street, akalala chali, akaingia kichwa na mabega chini ya gurudumu la mbele la kushoto, upande ambao breki yake ilikuwa haishiki. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyopendeza. Alipotoka, alikuwa ameshika kitambaa kilicholowa. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki ulikuwa umechanika pale pipa lilipougonga, na mafuta yalikuwa yakitoka tone tone.

"Ungeshika breki mara mbili tatu zaidi," alisema Faiz, "ya nne isingekuwapo."

Watu wote watano wakautazama ukuta. Jeremy, ambaye alikuwa akiuliza kama apewe mara yake ya pili papo hapo wakati mwenzake anajifikiria, alirudi akaketi kwenye tairi lake, na kwa saa nzima hakucheka tena.

Faiz hakosi vipuri. Alifunga mpira mpya, Joab akaitwa kukanyaga breki ili hewa itoke, kanyaga, shikilia, achia, kanyaga, shikilia, na kazi hiyo ikachukua kama saa moja, ambayo Mejumaa aliitumia kufanya mazoezi ya klachi hewani kwa mguu wa kushoto, nyuma ya gari la Joab, akidhani haonekani.

Kisha akaenda. Lilizima mara moja, likakubali. Aliingiza gia ya pili akakaa humo humo, injini ikilia kama inadai haki yake, na mapipa akayapita yote, shubiri kulia, shubiri kushoto, bila ya kugusa hata moja. Kwa hayo tu hakuwa na wa kumfundisha: mtu ambaye kwa miaka mitatu ametoa magari kwenye tumbo la meli hajui kugonga. Alipovuka mstari wa chokaa, Ndinda alibonyeza saa. Dakika moja, thelathini na moja.

Lakini gari halikurudi kwa Faiz. Mejumaa aliliongoza moja kwa moja hadi ubavuni mwa gari la bluu la Jeremy, akaliegesha likiwa limenyooka kabisa, shubiri moja baina yao. Akavuta breki ya mkono. Akateremka, akakunja kioo cha kulia, akazunguka akakunja cha kushoto. Ufunguo akauacha pale pale. Halafu akakimbia, na helmeti kichwani, akafungua mlango wa gari la Joab, akaingia, akaketi kiti cha nyuma, akatulia. Joab mwenyewe hakuwamo. Joab alikuwa amesimama kando ya Faiz na bakuli la mafuta ya breki mkononi, na wote wawili walikuwa wamekodoa.

Ndinda alimfuata taratibu, akainama dirishani.

"Wewe, unakwenda wapi?"

Mejumaa alimtazama kama anayeulizwa jina lake. "Kuchukua jingine," akasema.

Alilisikia neno lake likitoka, na hakukuwa na namna ya kulirudisha. Huko nje Jeremy alikuwa ameinama ameshika magoti. Faiz alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha grisi, akawa mweusi mpaka masikioni. Ndinda peke yake ndiye ambaye hakucheka, au alicheka chini ya kofia.

"Hakuna jingine," alimwambia. "Ni lile lile, mara ya pili. Na hujaambiwa ushuke."

Mejumaa alivua helmeti, akalitazama gari jeupe kule lilikosimama, vioo vyake vimekunjwa kama masikio ya paka aliyekemewa. Katika magari elfu nne na moja, hili ndilo la kwanza alilolirudia. Akafungua vioo kimoja kimoja, akaingia. Safari hii hakukuwa na haja ya salamu ndefu. Alishajua kwamba klachi yake hushika juu kabisa, kwamba kona za kulia linazipenda na za kushoto linalalamika, na kwamba baada ya pipa la saba kuna mahali panaponyooka ambapo gia ya pili haitoshi.

Baada ya pipa la saba aliingiza gia ya tatu. Ilikwaruza, lakini iliingia, na gari likafanya kitu ambacho Mejumaa hakuwa amekisikia maishani: liliacha kulia, likavuta pumzi, likaenda. Ulikuwa ni muda wa kuhesabu moja mpaka nne. Alipokanyaga breki ukutani, gari lilisimama sawasawa, halikuvuta kulia wala kushoto, na yeye akagundua kwamba alikuwa akiimba, na hajui wimbo gani.

Dakika moja, kumi na tisa. Hakuna pipa.

Jeremy naye alikwenda mara ya pili, kwa staha kidogo pale ukutani, na kwa saa alikuwa mbele: kumi na moja, akagonga mawili, ikawa ishirini na moja. Lakini ile kumi na saba yake ya kwanza ilisimama, na kumi na saba ni bora kuliko kumi na tisa hata kwa hesabu za kibarua. Mejumaa alianza kumpongeza. Faiz akamkatiza. Alisema dereva wake wa zamani alikuwa na mbio za ajabu, na mara tatu gari lilirudi Bondeni likivutwa kwa kamba. Gari ni moja. Anataka mtu atakayelirudisha likiwa na magurudumu yake manne. Ndinda akaongeza kwamba msichana huyu baina ya mara ya kwanza na ya pili amepunguza sekunde kumi na mbili, na yeye Ndinda angependa kuiona ya tatu. Jeremy alifikiri kidogo, akampa Mejumaa mkono, akasema yeye ataingia kwa gari lake la bluu basi, watakutana huko huko uwanjani. Ila kabla ya siku hiyo, kama hatajali, aje alisalimu na la kwake.

Ikawa furaha. Faiz akatoa fomu za kuombea leseni ya mashindano, Ndinda akaziweka juu ya boneti, akaomba leseni ya udereva ili aandike nambari. Mejumaa akaitoa. Ndinda akaisoma. Akaisoma tena, akiiweka mbali na macho kama watu wazima wafanyavyo, kisha akampa Faiz. Leseni ile ilimruhusu mwenyewe kuendesha magari ya otomatiki. Hayo tu.

Faiz naye akaisoma, mpaka upande wa nyuma.

"Uliniambia ulinyonyeshwa na gia za mkono," alisema Faiz.

"Nilinyonyeshwa, ami," alisema Mejumaa. "Ila niliachishwa ziwa mapema."

Faiz alimrudishia leseni yake, uso ungali mweusi wa grisi. Akamwambia kwamba hatamtia mtu garini kwa uongo, hata kama mtu huyo ana masikio ya popo. Ana wiki tano. Aende shule ya udereva kama watoto wengine, akafanye mtihani, arudi na leseni kamili. Akiileta kabla ya fomu kufungwa, kiti ni chake. Asipoileta, yeye Faiz anayo nambari ya simu ya Jeremy.

*

Wiki tatu zilipita. Duka la Yumna lilijaa, kwa kuwa ulikuwa msimu wa harusi, na akina mama walikuwa wakichambua leso kila pembe. Mejumaa alikuwa pale pale juu ya jora, jora jingine, akiwa amewageuzia mgongo watu wa mlangoni, na mbele yake alikuwa amepata wasikilizaji watatu wapya, mashangazi wa bibi harusi, ambao walikuwa wameuliza tu bei ya leso.

Kiti cha ami Faiz ni chake, alikuwa akiwaeleza, hilo limekwisha. Sasa yumo katika mafunzo maalumu. Hapana, si ya kuonekana na kila mtu. Ni mafunzo ya ndani, ya kichwa zaidi kuliko mguu, ambayo hupewa madereva wa kulipwa kabla ya msimu. Wanachora ramani nzima ya njia, kila kona, kila alama, na dereva huipita akiwa ametulia, akijieleza kwa sauti kila anachofanya. Mafunzo hayo huwashinda wengi. Mkufunzi wake ni mkali kupita kiasi, amefundisha mamia ya madereva, na juzi alimwambia kwa kinywa chake kwamba hajapata kuona mwanafunzi kama yeye.

Mashangazi walitikisa vichwa kwa mshangao. Yumna, ambaye alikuwa akikata kitambaa, alisita mkasi ukiwa wazi. Alikuwa akitazama juu ya bega la Mejumaa, na midomo yake ilikuwa imeanza kupinda.

"Hilo la mwisho ni kweli," ilisema sauti kutoka nyuma. "Nilimwambia."

Mejumaa aliijua sauti ile kabla hajageuka. Ni sauti iliyomwita saa mbili asubuhi kila siku kwa wiki tatu, katika chumba kidogo cha shule ya udereva, juu ya duka la mikate, ambamo kuna meza moja kubwa iliyochorwa barabara, vivuko na raundabauti, na juu ya meza magari madogo ya mbao. Wanafunzi huzunguka meza hiyo mmoja mmoja, wengi wao vijana waliomaliza shule juzi, wakisukuma gari la mbao kwa kidole na kutamka: natazama kulia, natoa ishara, naingia. Mwalimu Truphosa alikuwa amesimama baina ya leso, na doti mbili za njano begani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mejumaa, akishuka kwenye jora.

"Marahaba. Barabarani sina neno nawe," alisema Mwalimu Truphosa, mbele ya mashangazi, mbele ya Yumna, mbele ya duka zima. "Klachi umeijua, na gari langu umelisikia ugonjwa wake kabla ya fundi. Mtihani ni Alhamisi, utapita. Ni hapo mezani tu, mwanangu. Ukimaliza raundabauti, egesha, ujibu maswali, uende zako. Acha kukunja vioo. Lile ni gari la mbao."